Jengo lako na moto: nani anakagua nini Dar es Salaam, na wewe uanzie wapi

Jioni ya tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, soko la Karume pale Mchikichini nalo likateketea. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa ndani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Mara zote tatu mtaani watu waliulizana: serikali ilikuwa wapi?

Ni swali la haki, na mwongozo huu unalijibu kwa vitendo. Ni kwa mwenye nyumba anayejenga, mwenye fremu, mwenye hosteli au shule, na mpangaji anayelipa kodi ya mwaka mzima kwenye ghorofa asilolijua. Neno langu kubwa ni hili: mkaguzi hukagua kile kilichoandikwa kwenye ombi. Ukiomba kibali cha nyumba ya kuishi kisha ukaigeuza stoo ya magodoro, makaratasi yako yote yanaizungumzia nyumba ambayo haipo tena. Hapo ndipo majengo mengi ya mji huu yalipo leo.

Kwanza, wajue wenye mamlaka

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani, tangu 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, kutegemea kiwanja kilipo. Zote zinawajibika kwa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Moto una mwenyewe. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kabla ya hapo magari ya zimamoto yalikuwa ya halmashauri, na hadi leo wako wanaoamini kwamba ukimalizana na manispaa umemalizana na faya. Sivyo. Afisa wa manispaa hawezi kukupa cheti cha moto, na mkaguzi wa Zimamoto hawezi kukuhalalishia ghorofa lililoongezwa bila kibali. Unawahitaji wote wawili, kila mmoja kwa karatasi yake.

Jengo likiwa mahali pa kazi, anaingia wa tatu: OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa sheria ya mwaka 2003. Nyuma yao wapo wanaowasimamia wataalamu wenyewe: bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, bodi ya wahandisi na bodi ya makandarasi. Fundi umeme naye anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Orodha ni ndefu, lakini ukishajua nani ni nani hutapotezewa siku nzima ukizungushwa dirisha hadi dirisha.

Hatua ya 1: Michoro izungumzie moto kabla hata ya msingi

Ombi la kibali linaambatana na michoro ya jengo, uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na stakabadhi za kodi ya ardhi. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na malipo ni kwa kontroo namba. Anayekutaka umpe fedha mkononi "ili faili litembee" anakuuzia kitu ambacho kesho hutaweza kukionyesha kwa mtu yeyote.

Michoro hupita kwa maafisa wa mipango miji, wahandisi, watu wa afya na Zimamoto. Usisubiri faili lifike huko lirudi na maswali. Mwambie msanifu wako mapema akuonyeshe kwenye karatasi, kwa kidole: moto ukianzia chini, watu wa juu wanatokea wapi? Ngazi ya pili iko upande gani? Gari la Zimamoto litasimama wapi? Maji yatatoka tangi lipi? Asipokuwa na majibu hapo mezani, jengo nalo halitakuwa nayo.

Ngazi ndiyo inayoleta ubishi kuliko yote. Kiwanja cha Kariakoo au Magomeni ni kidogo, kila futi ni fedha, na ngazi ya pili inaonekana kama fremu mbili zilizopotea. Namwelewa mwenye kiwanja anayehesabu hivyo. Lakini moshi hupanda. Jengo lenye ngazi moja iliyo wazi, moto ukiwaka chini, ngazi hiyohiyo inakuwa bomba la moshi, na watu wa ghorofa ya nne hawana njia hata kama moto wenyewe hautawafikia kamwe. Moshi huua kabla ya ndimi za moto. Kwa hiyo fremu hizo mbili ziache.

Hatua ya 2: Wakati wa kujenga, waite wakaguzi wewe

Weka bango la mradi linaloonyesha mwenye jengo, mkandarasi, msanifu na mhandisi, na kibali kiwepo palepale saiti. Jengo lisilo na bango ni dalili mbaya; ukilipita kila siku kwenda kazini, una haki ya kuuliza ofisi ya serikali ya mtaa.

Mhandisi wa halmashauri anatakiwa aone kazi kabla haijafunikwa. Msingi ukishafukiwa na nondo zikishamezwa na zege, hakuna anayeweza kusema kilichomo bila kutoboa. Mjulishe kwa maandishi unapofika kila hatua, na mwombe aandike alichokiona. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Baada ya ajali kama ile, karatasi za ukaguzi wa kila hatua ndizo hutafutwa kwanza. Bora ziwepo kabla.

Ukitaka kuongeza ghorofa au kuchimba chini ya jengo lililopo, hiyo ni kazi mpya na inataka kibali kipya, hata kama kuta ni zako tangu enzi za babu. Na watu watoke kwanza. Usichimbe chini ya maduka yaliyo wazi.

Hatua ya 3: Ukibadilisha matumizi, rudi halmashauri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo usimamizi wa serikali unapotoboka.

Tazama jengo la kawaida la katikati ya mji. Lilijengwa la kuishi. Chini zikafunguliwa fremu. Ghorofa ya kwanza ikawa stoo ya vitenge na viatu. Ya pili ikagawanywa kwa plaiwudi kuwa vyumba vya wageni, ya tatu kuna ushonaji, na juu kabisa mwenye nyumba bado anaishi na wajukuu. Kila badiliko lilikuwa dogo na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Jumla yake ni jengo ambalo hakuna afisa aliyewahi kuliidhinisha: mzigo mzito juu ya sakafu iliyokusudiwa vitanda, nyaya za umeme zilizopangiwa taa na feni sasa zinabeba pasi na cherehani, na watu waliolala juu ya bidhaa zinazowaka haraka.

Baada ya maafa ya 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ni hatua nzuri, ila kamati hukagua siku moja, na mabadiliko hufanyika kila mwezi. Mwenye jengo ndiye anayeyajua yote. Kwa hiyo unapogeuza nyumba kuwa hosteli, kanisa, zahanati, shule ya awali au ghala, peleka ombi la kubadilisha matumizi halmashauri, halafu omba ukaguzi mpya wa Zimamoto. Cheti cha zamani kilitolewa kwa jengo la zamani.

Hatua ya 4: Omba ukaguzi wa Zimamoto na cheti

Nenda kituo cha Zimamoto kinachohudumia eneo lako. Kwa kazi zao, Dar es Salaam ina makamanda wa Ilala, Kinondoni na Temeke. Eleza aina ya jengo, ukubwa, idadi ya ghorofa na shughuli zote zinazofanyika ndani, hata zile za mpangaji wa mpangaji. Tozo inategemea aina na ukubwa wa eneo, na inalipwa kwa kontroo namba.

Mkaguzi akija, tembea naye mwanzo hadi mwisho. Usimtume mlinzi. Akisema kitu hakifai, muulize kwa nini na mwombe akiandike kwenye taarifa. Mkaguzi mzuri ni mwalimu wa bure, na wengi wao wanapenda kufundisha wakipata mtu wa kuwasikiliza. Ukipewa maagizo ya kurekebisha, yafanye, piga picha, kisha mwite arudi. Cheti ni cha mwaka mmoja na huhuishwa. Kitundike ukutani mahali ambapo mteja na mpangaji wanakiona.

Sheria inampa mkaguzi mamlaka ya kuingia na kukagua. Ukimfungia geti, unatafuta kesi.

Hatua ya 5: Jikague mwenyewe, usingoje mwaka

Cheti kinasema hali ilivyokuwa siku ya ukaguzi. Siku zilizobaki ni zako. Chagua siku moja ya mwezi, uzunguke na daftari.

Anza na njia za kutokea. Panda ngazi hadi juu kisha ushuke ukiwa umeshika tochi mkononi, kama vile umeme umekatika. Utashangaa utakachokikanyaga: belo la mitumba kwenye kona, pikipiki imeegeshwa chini ya ngazi, ndoo, mlango uliofungwa kwa mnyororo. Ngazi ni mali ya watu wote wanaoishi juu yake, hakuna mpangaji mwenye ruhusa ya kuifanya stoo. Mlango wa dharura ufunguke kuelekea nje, na ufunguke bila ufunguo.

Kufuli ndilo linaloniumiza zaidi. Majengo mengi hufungwa geti la chini usiku, mlinzi akabaki na ufunguo mmoja mfukoni. Mlinzi akienda kununua chai, watu wote wa juu ni wafungwa. Weka komeo linalofunguliwa kwa ndani kwa mkono mtupu, na kama hilo halijawezekana leo, kila nyumba ipewe ufunguo wake leo.

Nondo za madirisha vilevile. Tunaziweka kwa ajili ya wezi, na wezi wapo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata dirisha moja katika kila chumba cha kulala na kulitia bawaba, likawa linafunguka kwa ndani kwa komeo. Kwa bweni hili halina mjadala. Katika shule ya Shauritanga, mwaka 1994, na ya Byamungu kule Kyerwa, mwaka 2020, watoto wetu waliungulia bwenini. Mwenye shule asiyeweza kuonyesha mahali watoto watakapotokea usiku asipewe watoto wa kulaza.

Umeme. Mwite fundi mwenye leseni, usimwite kishoka kwa sababu yuko karibu. Kagua soketi zilizobadilika rangi kuwa ya kahawia, plagi zinazokuwa za moto ukizishika, harufu ya plastiki, na ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni nyingine. Sakiti breka ikikatika kila mara inakuambia kitu. Anayeifunga kwa waya ili isikatike ameondoa kinga pekee iliyokuwepo. Umeme ukikatika, zima pasi, jiko na mashine zote kwenye swichi, usisubiri urudi ndipo ukumbuke.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda chini sakafuni. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, ikiwezekana nje ya dirisha la jikoni, mbali na ngazi. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha na milango, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Mama lishe anayepika chini ya ngazi ya jengo lenye watu 100 asifukuzwe tu. Atafutiwe mahali pengine pa kupikia, maana ukimfukuza bila kumwonyesha pa kwenda atarudi kesho palepale.

Mitungi ya kuzimia moto. Kuwa nayo peke yake hakutoshi. Tazama kipimo cha shinikizo pale shingoni: mshale uwe kwenye kijani. Pini iwepo na lakiri yake haijakatika, mpira haujapasuka, na lebo ionyeshe tarehe ya huduma ya mwisho. Mtungi wa poda hufaa mahali pengi, wa kaboni dayoksaidi hufaa kwenye vifaa vya umeme, na maji usiyapeleke kamwe kwenye mafuta yanayowaka wala umeme. Utundike karibu na njia ya kutokea, ili anayeutumia awe na pa kukimbilia moto ukimshinda. Wafundishe watu kwa vitendo: chomoa pini, elekeza mpira kwenye shina la moto, bonyeza, fagia kushoto na kulia. Mtungi mdogo hukupa sekunde chache tu, na asiyewahi kuushika huzimaliza akitafuta pini.

Maji na barabara nimeviweka mwisho ingawa si vidogo. Tangi la akiba lijae, pampu ijaribiwe. Meza za biashara, magari na matofali yasizibe njia ya gari la Zimamoto. Kama unajua lilipo bomba la maji la Zimamoto mtaani kwako, hakikisha halijafukiwa wala kujengewa kibanda.

Hatua ya 6: Mpangaji, uliza kabla ya kulipa

Muombe mwenye nyumba cheti cha Zimamoto, kisha usome tarehe na aina ya matumizi. Kimeandikwa makazi nawe unapangishwa ghala? Simama hapo. Uliza ngazi ya pili iko wapi na uipite kwa miguu yako. Uliza geti linafungwa saa ngapi na nani ana ufunguo. Kama utaleta mashine au mzigo mzito, mwambie mapema na muandike kwenye mkataba nani atagharamia marekebisho ya umeme na sakafu. Wapangaji wa jengo moja wakiuliza pamoja, mwenye nyumba husikia haraka zaidi.

Hatua ya 7: Moto ukiwaka

Piga 114, ni bure, na kuzimiwa moto hakulipiwi. Watoe watu kwanza, piga simu hata kama unadhani mtauzima wenyewe. Taja mtaa, kata, alama inayojulikana na njia isiyo na msongamano. Taja kinachoungua na kama kuna watu ndani. Mtume kijana asimame barabara kuu awaongoze. Zima umeme kwenye meinswichi kama inafikika salama. Kwenye moshi inama, tambaa. Hewa nzuri iko chini. Lifti usiiguse. Mkutane mahali mlipopanga na mhesabiane, na aliyetoka asirudi kufuata simu.

Hatua ya 8: Ukiona hatari na hakuna anayejali

Jirani anaongeza ghorofa usiku usiku, nguzo zimepasuka, mwenye nyumba kafunga mlango wa dharura. Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata. Hawana uwezo wa kupima zege, ila barua yao hufungua milango. Kisha elekeza kila jambo kwa mwenyewe. Ujenzi, nyufa, ghorofa la ziada na matumizi yaliyobadilishwa ni kwa mkurugenzi wa halmashauri. Milango, ngazi, mitungi na vifaa vya moto ni kwa kituo cha Zimamoto. Hatari kazini ni OSHA. Mtaalamu aliyeweka muhuri wake kwenye kazi mbovu anashtakiwa kwenye bodi yake.

Usipojibiwa, panda. Juu ya halmashauri yupo katibu tawala wa mkoa, na juu yake TAMISEMI. Juu ya kituo cha Zimamoto yupo kamanda wa eneo, Kamishna Jenerali, kisha Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU hupokea simu kwa 113, bure. Lakini jengo likionyesha dalili za kuanguka leo, mlio, nyufa zinazopanuka, milango inayogoma kufunga ghafla, usiandike barua: toeni watu na mpige 114.

Barua yenyewe iwe fupi. Andika namba ya jengo na jina la barabara kama vilivyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, tarehe ulizoona, ulichokiona kwa macho yako, picha, na unachoomba kifanyike, kwa mfano "tunaomba ukaguzi na taarifa yake kwa maandishi." Usiandike uvumi juu ya nani kamhonga nani, utadhoofisha hoja. Isainiwe na watu kadhaa. Toa nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muulize anayeipokea faili litakwenda kwa afisa gani, na uandike cheo chake nyuma ya nakala yako. Baada ya wiki mbili rudi na nakala hiyo, umuulizie afisa huyo kwa cheo chake.